Daktari amempa mume wangu pampu ya pumu na kumwambia aimeze. Je, anafanyiwa majaribio?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Ujiji. Mume wangu ana miaka 34, ana kibanda cha vipuri vya injini za boti kule Kibirizi. Tuna watoto wawili. Kwa miaka kama sita sasa anakula kama mtu anayekiogopa chakula. Tonge dogo, anatafuna mpaka watoto wamemaliza na kunawa, na kikombe cha maji hakimtoki mkononi. Nilidhani ni madeko ya mtu aliyelelewa na bibi. Nyama ya ng'ombe aliiacha mwenyewe bila kutoa sababu, na ugali wa muhogo lazima auogeshe kwa mchuzi wa mawese ndipo ushuke.

Mwaka jana, kwenye harusi ya mdogo wake, kipande cha nyama ya pilau kilimnasa. Alitoka taratibu akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta amechuchumaa ukutani, mate yanamwagika tu, hata hayo mate hayamezeki. Watu wakampiga mgongoni, wakamletea tonge kavu asukumie. Wapi! Saa tisa usiku kikashuka chenyewe. Mama mkwe akasema huo ni mkono wa mtu. Mimi moyoni niliogopa saratani ya koo, maana jirani yetu alianza vivyo hivyo na mwaka hakuumaliza.

Hapa mjini walimpa omeprazoli, dawa ya tindikali, miezi miwili, hali ikawa ileile. Wakatuandikia rufaa ya Mwanza. Tukauza mbuzi wawili, tukapanda basi. Wakampitisha mpira wenye kamera, wakamkata vinyama sita vya kupima. Majibu yakaja kwamba si saratani. Kuna jina refu limeandikwa, ila daktari alituambia tulishike hivi: ni mzio wa njia ya chakula, na chembe ziitwazo eosinofili zimejazana ukutani. Nikashukuru Mungu. Kisha akampa pampu ya pumu.

Shangazi, pampu sisi tunaijua, mume wangu ana pumu kidogo tangu utotoni. Lakini huyu daktari alisema asivute. Apulize mdomoni, ameze, mara mbili kwa siku, na baada ya miezi mitatu arudi apigwe kamera tena. Nimeisoma karatasi ya ndani ya boksi mstari kwa mstari. Imeandikwa pumu. Kumeza hakumo. Nilipomuuliza akasema, "Usijali mama, dawa hii imeshajaribiwa huko nje." Neno hilo la kujaribiwa limenikaa kooni mimi sasa.

Anavyofanya ni hivi: asubuhi anapuliza mara mbili, anashushia na chai ya maziwa, anaondoka. Usiku vivyo hivyo, akikumbuka. Mwezi wa kwanza hakuona nafuu ya kusema. Rafiki yake akampeleka duka la dawa, wakampa vidonge vya deksa. Siku ya nne alikula mgebuka mzima na ugali, anacheka. Sasa ni wiki ya saba, deksa haimtoki mfukoni. Uso umejaa, watu wanasema ndoa imemkubali. Anasema amepona, Mwanza harudi, nauli ya kuchezea hatuna. Na pampu yenyewe inaisha wiki ijayo.

Wanamjaribu mume wangu? Na kama amepona, kamera ya nini tena?

Mama Z., Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikasimama kwenye mambo mawili uliyoyataja kama kwa kupita: uso uliojaa na chai ya maziwa. Swali lako la majaribio nitalijibu, lakini deksa haiwezi kusubiri zamu yake.

Mume wako asiiache deksa ghafla. Najua ulitegemea niseme aitupe leo. Deksa ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo ambazo kila siku hutengeneza homoni ya jamii hiyohiyo. Ukimletea mwili deksa ya dukani wiki saba mfululizo, tezi zile zinalala; kazi yao imeshafanywa na mwingine. Siku vidonge vikikosekana, tezi hazijaamka. Mtu analegea, anatapika, presha inaporomoka, na akipata homa au ajali siku hiyo anaweza kufa. Kwa hiyo inapunguzwa kidogokidogo, kwa hesabu ya daktari. Mpeleke hospitali ya Maweni kesho, abebe pakiti ya vidonge mfukoni kama alivyozoea kuibeba, na aseme ukweli wa idadi anayomeza. Wampime sukari na presha. Huo uso si wa ndoa, mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na uso wa deksa ninautambua mtu akiwa bado yuko getini.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa huku zaidi ya watu wa Ulaya. Hizo eosinofili ni askari ambao mwili huwatuma kupambana na minyoo. Kwa mume wako wametumwa mahali pasipo na adui, wakaanza kuharibu nyumba. Sasa yupo mnyoo mmoja mdogo, strongiloidi, anayeingia kwa ngozi ya mguu peku na kukaa utumboni miaka bila mtu kujua. Mwenye mnyoo huyo akimeza steroidi za vidonge, kinga inasinzia, mnyoo anazaliana kupita kiasi na kusambaa mwilini, na watu wamekufa kwa hilo. Mwambie daktari wa Maweni kwamba unaomba na choo kipimwe. Wala usione haya.

Haya, sasa neno lililokukaa kooni.

Mgonjwa akiingizwa kwenye utafiti, kuna fomu ya ridhaa. Anasomewa, anaelezwa hatari zake, anaambiwa anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, kisha anasaini. Hapa nchini utafiti wa namna hiyo unahitaji kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo yenye kamati ya taifa ya kazi hiyo. Katika barua yako sioni fomu wala saini. Ninaona mtu anayetibiwa kwa dawa ambayo wengine walishaijaribu kwa niaba yake. Daktari alisema kweli, ila alisema haraka, na nyinyi mlikuwa na basi la kuwahi.

Ugonjwa wenyewe, ambao jina lake refu ni esofagitisi ya eosinofili (kwa Kiingereza eosinophilic esophagitis), ni mgeni hata huko ulikoandikwa. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo madaktari walipoanza kuueleza kama ugonjwa unaojitegemea. Kabla ya hapo wengi waliambiwa wana tindikali, au wana wasiwasi, au wanakula kwa pupa. Umio, yaani hilo bomba linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa kawaida hauna eosinofili ukutani. Wakihesabu 15 au zaidi kwenye uwanja mmoja wa hadubini ya nguvu kubwa, na mgonjwa ana dalili kama za mume wako, na sababu nyingine zimeondolewa, basi jina ndilo hilo. Wanaume huupata zaidi ya wanawake, na mara nyingi ni watu wenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu. Mume wako ametimiza sifa zote.

Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio la watoto 36. Wengine walipewa kumeza flutikasoni, steroidi ya kwenye pampu ya pumu, wengine pampu inayofanana nayo kabisa lakini ndani haina dawa, na si mtoto wala daktari aliyejua nani kapata ipi. Baada ya miezi mitatu waliangalia vinyama. Kwa waliomeza dawa, nusu yao kuta zilikuwa zimesafika. Kwa wenye pampu tupu, asilimia 9 tu. Mwaka 2008 ikaja nyingine, na hii ningependa mume wako asomewe akiwa amekaa. Watoto 80 waligawanywa: hawa steroidi za vidonge, wale pampu ya kumeza. Kwa upande wa dalili vidonge havikuipita pampu. Lakini asilimia 40 ya wale wa vidonge walipata madhara ya mwili mzima, huku shida kubwa ya wale wa pampu ikiwa fangasi ya umio, asilimia 15. Jaribio hilo mume wako amelirudia peke yake kwenye kibanda cha vipuri, bila daktari na bila vipimo, na jibu lake umelieleza mwenyewe: uso.

Karatasi ya ndani ya boksi haisemi kumeza kwa sababu kampuni iliomba kibali cha pumu, ikapewa cha pumu. Madaktari hutumia dawa nje ya karatasi yake kila siku pale ushahidi unapowaruhusu. Sasa zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu hasa: Ulaya ilikubali kidonge cha budesonidi, steroidi nyingine ya jamii hiyo, kinachoyeyuka ulimini mwaka 2018, na Marekani ikakubali budesonidi ya maji mwaka 2024. Lakini usije ukadhani mmepewa dawa ya maskini. Mwaka 2019 zilitoka habari za watu wazima 111 walioshindanishwa kwa wiki nane, hawa budesonidi nzito ya kunywa, wale flutikasoni ya pampu. Kuta zilitulia kwa asilimia 71 na 64, na kitakwimu hiyo haikuhesabiwa kuwa tofauti.

Basi kwa nini mwezi wa kwanza hakuona nafuu? Tunarudi kwenye chai.

Dawa hii haifanyi kazi kwa kufika tumboni. Inafanya kazi kwa kugusa ukuta wa umio na kukaa pale. Ikishuka tumboni ikapita kwenye ini, flutikasoni karibu yote inavunjwavunjwa, na ndiyo sababu haivimbishi mtu uso. Mume wako anapuliza, halafu papo hapo anaisafisha kwa kikombe kizima cha chai. Muulize mwenyewe, yeye ni mtu wa boti: fundi akipaka rangi kisha chombo kikashushwa ziwani kabla haijashika, nani wa kulaumiwa, rangi?

Inafanywa hivi. Anakunywa chai yake kwanza, anakula, anamaliza. Anatikisa pampu. Anatoa pumzi, anaibana, anaweka mdomo wa pampu ndani, anafunga midomo, anabonyeza huku havuti hewa, kisha anameza kwa mate yake tu. Anarudia kwa idadi aliyoandikiwa. Ile chupa ya plastiki ya kuvutia ambayo wenye pumu huifunga kwenye pampu, hapa haihusiki. Nusu saa asile wala asinywe chochote. Baada ya hapo anasukutua kwa maji na kutema, asimeze, kwa ajili ya ile fangasi. Akiona utando mweupe ulimini au kumeza kukaanza kuuma, arudi kituoni, inatibika. Ile ya usiku ni rahisi zaidi: apulize ameshapanda kitandani. Na ukikumbusha wewe, si aibu, nusu ya dawa za waume wa nchi hii zinamezwa kwa kukumbushwa.

Angalia pia ni pampu ipi anayoishika. Nyumba yenye mwenye pumu haikosi ile nyingine, salbutamoli, mara nyingi ya bluu, ya kufungua kifua. Hiyo haina steroidi. Akiimeza mwaka mzima umio hautajua kama kuna kitu kimepita, ila moyo utamwenda mbio. Zitenganishe, moja iwe chumbani, nyingine abebe. Na kama bado ana pumu, ile aliyoandikiwa ya kuvuta aendelee kuivuta. Hii ya kumeza haifiki kwenye mapafu.

Kuhusu maziwa. Vyakula vinavyoshukiwa sana kwenye ugonjwa huu ni sita: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na jamii yake, na samaki. Nikisema tumwondolee mtu wa Ujiji samaki, nitapigwa mawe kuanzia stesheni. Bahati nzuri mwaka 2023 walichapisha utafiti wa watu wazima 129, wengine wameondolewa vyote sita, wengine maziwa peke yake, wiki sita. Waliotulia ni asilimia 40 kwa wale na 34 kwa hawa, karibu sawa. Kwa hiyo migebuka na dagaa vibaki mezani, na chai ya maziwa ndiyo inayoweza kuja kushtakiwa. Lakini si sasa. Mkibadilisha pampu, deksa na maziwa wiki moja, akipona hamtajua kilichomponya na akiugua hamtajua kilichomuudhi. Kila jambo liwe na wakati wake, na la maziwa mwulizeni daktari wa Mwanza siku mtakayorudi.

Maana mtarudi. Unauliza kamera ya nini kama mtu anakula mgebuka mzima. Mwaka 2012 watu wazima 42 walipewa flutikasoni au pampu tupu kwa wiki sita. Kuta zilisafika kwa asilimia 62 ya wenye dawa, na kwa wenye pampu tupu hakuna hata mmoja. Lakini walipoulizwa wanamezaje, majibu ya makundi mawili hayakutofautiana vya kutosha. Yupo aliyejisikia vizuri na ukuta bado unawaka, yupo aliyelalamika na ukuta umetulia. Ukifikiria si ajabu. Mumeo amejifunza kwa miaka sita kula akizunguka ugonjwa: tonge dogo, maji, mawese, nyama hagusi. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza "unamezaje?" atakujibu "vizuri tu". Huku ndani, moto ukiachwa miaka mingi ukuta unakakamaa na bomba linakuwa jembamba, na hapo itabidi apanuliwe kwa kifaa. Ndiyo sababu wanakata vinyama tena.

Na deksa imeharibu hesabu hiyo. Akipigwa kamera wiki ijayo akiwa anaimeza, ukuta unaweza kuonekana msafi, na daktari wa watu ataandika kwamba pampu imefanya kazi, kumbe ni vidonge. Kwa hiyo nauli ya Mwanza usiitafute bado. Deksa itolewe kwanza kwa utaratibu wa Maweni, pampu imezwe inavyotakiwa miezi miwili au mitatu, ndipo kamera. Muombe daktari wa Maweni awasiliane na wa Mwanza wapange tarehe, msije mkasafiri mara mbili. Mjiandae pia kusikia kwamba dawa itaendelea muda mrefu, pengine kwa kipimo kidogo zaidi, kwa sababu wengi wakiiacha ugonjwa hurudi.

Chakula kikinasa tena, hakuna tonge kavu. Tonge la kusukumia linaweza kuongeza mzigo juu ya mzigo, na kutapika kwa nguvu kunaweza kuupasua umio ambao tayari ni dhaifu. Asimame, atulie, ateme mate. Akishindwa kumeza hata mate, au kifua kikaanza kuuma sana, ni hospitali usiku huohuo, si kusubiri saa tisa.

Na nyinyi wengine mnaosoma barua ya mwenzenu na mmeona mambo yanafanana: msikimbilie pampu. Ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki una saratani nyingi ya umio. Mtu ambaye jana alishindwa nyama, leo anashindwa ugali, kesho uji, na suruali zinamvuka, aende akapigwe kamera haraka. Wapo pia waliowahi kumeza magadi makali ya sabuni utotoni, na wapo wenye fangasi kwa sababu ya kinga kushuka. Wote hao hulalamika kwa maneno yaleyale, "chakula hakishuki", na steroidi kwa baadhi yao ni sumu.

Mama mkwe usibishane naye habari ya mkono wa mtu. Mwambie tu kwamba mwanawe ana pumu ya koo, ni ndugu wa ile ya kifua aliyokuwa akimuuguza mwenyewe alipokuwa mdogo. Atakuelewa kuliko unavyodhani, na huenda yeye ndiye atakayemnyang'anya kikombe cha chai.

Pampu inaisha wiki ijayo, kwa hiyo kesho mkifika Maweni msiondoke bila cheti cha nyingine. Beba na boksi tupu, wasome jina la dawa wenyewe na nguvu yake, maana rangi za pampu zinatofautiana kwa kila kampuni. Kama mna bima, ulizeni dirishani kabla ya kununua nje. Kisha niandikie walivyosema kuhusu deksa.